Kificho na Majina Yake

Mtu akificha kitu, hana budi kukipa jina la kulitamka mbele ya wenzake. Na aghalabu jina hilo husema mengi kuliko alivyokusudia. Ushahidi wa jambo hili umo katika jiokashingi, mchezo uliozaliwa Marekani mwaka 2000. Mchezaji huficha kisanduku porini au mjini, akatangaza mahali kilipo kwa tarakimu za latitudo na longitudo, na wengine wakakitafuta kwa kuongozwa na setilaiti. Ndani mna daftari la kutia saini, na pengine vitu vidogo vidogo vya kubadilishana. Wachezaji hao wamejiundia lugha yao, na lugha hiyo, ijapokuwa changa, imebeba historia kongwe kuliko mchezo wenyewe.

Chanzo chake ni amri ya serikali. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikitia kasoro makusudi katika ishara za GPS zinazopokewa na raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100. Rais Bill Clinton akaamuru kasoro hiyo iondolewe, na kwa usiku mmoja kosa likashuka hadi kiasi cha mita 20 au chini yake. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaijaribu neema hiyo mpya. Alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akaifukia nusu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatia humo vitabu, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine, kisha akatangaza mahali ilipo. Sharti lake lilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu. Hazikupita siku nyingi, Mike Teague akaifikia.

Ulmer aliiita ndoo ile "stash". Neno hilo kwa Kiingereza ni akiba iliyofichwa, lakini mitaani limezoeleka kwa akiba ya bangi na dawa za kulevya. Ikahofiwa kwamba jina hilo litautia mchezo doa. Tarehe 30 Mei 2000, Matt Stum akapendekeza neno jingine, "cache", likitanguliwa na "geo", lenye asili ya Kigiriki na maana ya ardhi. Jina likashika.

"Cache" limetokana na kitenzi cha Kifaransa "cacher", kuficha. Wawindaji wa manyoya waliosema Kifaransa huko Amerika ya Kaskazini walilitumia kwa shimo la kuwekea chakula na mali, ili waendelee na safari wakiwa na mzigo mwepesi. Meriwether Lewis na William Clark, katika msafara wao wa kuelekea bahari ya Pasifiki, walichimba mashimo ya namna hiyo mwaka 1805 kandokando ya mto Missouri. Tabaka la nyasi lilikatwa kwa uangalifu ili lirudishwe juu, na udongo uliochimbwa ukatupwa mtoni usiache alama. Lewis aliporejea kwenye shimo mojawapo Julai 1806, alikuta maji ya mto yameingia, na mimea aliyoikausha kwa ajili ya elimu imeharibika. Karne moja na nusu baadaye, wataalamu wa kompyuta wakaliazima neno hilo kwa kumbukumbu ndogo ya kuwekea kinachohitajika upesi. Kwa hiyo jina jipya lilikuwa na nasaba njema, tena halikuwa na harufu ya bangi.

Usafi huo haukudumu. Wachezaji walihitaji neno la kumwita asiyeujua mchezo, yule mpita njia anayetokea wakati mkono wa mtafutaji umo ndani ya pango la mti. Wakaazima "muggle" kutoka riwaya za J. K. Rowling, ya kwanza ikiwa imetoka mwaka 1997, ambamo neno hilo ni jina la mtu asiye na uchawi. Hata kisanduku kilichoibwa au kuharibiwa na wasiojua kikapewa kitenzi kutokana na neno hilo. Lakini miongoni mwa wanamuziki wa jazi wa Marekani, "muggles" lilikuwa jina la bangi, na Louis Armstrong alirekodi muziki wenye jina hilo huko Chicago mwaka 1928. Moshi uliofukuzwa barazani ukarudi kwa njia ya uani.

Neno hilo lilipovuka mipaka, lilipita njia iliyokwisha kufyekwa na wafasiri. Jean-François Ménard, mfasiri wa Kifaransa, alikuwa amewaita watu hao "Moldus". Kwa Kiitaliano waliitwa "Babbani", na kwa Kiholanzi "Dreuzels". Wachezaji wa lugha hizo wakayachukua kama yalivyo. Mfasiri aliyekuwa akiwatafutia watoto neno la hadithi akawa amewapa watu wazima lakabu ya majirani zao.

Lugha hii ina adabu zake pia. Asiyekipata kisanduku huandika DNF, yaani "sikukiona", wala haoni haya. Aliyekipata hushukuru kwa TFTC, "asante kwa kificho". Dokezo nalo hufumbwa kwa ROT13, ambapo kila herufi hubadilishwa na ile ya kumi na tatu baada yake. Mtu wa pwani atakumbuka kinyume, ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu. Tofauti ni kwamba kinyume humfungia nje asiyehusika, ilhali ROT13 humlinda mtafutaji na macho yake mwenyewe, asije akajua kabla hajataka kujua.

Anayefungiwa nje katika mchezo huu ni mwenyeji. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akishughulika na kitu kwa namna ya kutia shaka. Polisi wakaitwa, na wataalamu wa mabomu wakakilipua. Kilikuwa kisanduku cha mchezo. Kwa istilahi ya wachezaji, aliyetoa taarifa ni asiyejua. Ila yeye alikijua kila kilichopo mahali pake, na ndiyo maana akakiona kisichokuwapo jana. Neno la kundi lina nguvu hiyo: humgeuza mwenye mji kuwa mgeni, na mgeni akajiona hana wa kumbishia hodi.

Pale ilipofukiwa ndoo ya Ulmer pamewekwa bamba la ukumbusho, na katika jina lake limo neno "stash". Neno lililokimbiwa kwa kuonewa haya limerudishwa kwa heshima. Huenda siku moja mpita njia naye akapatiwa jina lenye staha.