Kadi Namba 13: Kabla Hujaogopa, Ijue Historia Yake

Tuseme uko Nkende, hapo Tarime, umekaa saluni unasubiri zamu yako. Unaperuzi simu, mara inakuja video. Mdada wa kucha ndefu anachanganya kadi, anachomoa moja, anaigeuzia kamera. Mifupa mitupu imepanda farasi mweupe. Hiyo ndiyo kadi ya Kifo. Anakwambia, "Kama video hii imekufikia, ujumbe ni wako." Moyo paa!

Tulia kwanza. Hiyo kadi ina historia, na ukiijua hutaitazama tena vilevile.

Taroti ilianza kama mchezo wa karata, basi. Ilizaliwa kaskazini mwa Italia, na maandishi yanayoitaja yanaanzia miaka ya 1440. Pakiti iliyozoeleka ina kadi 78: 56 za makundi manne, na 22 za picha ambazo karibu zote kazi yake ilikuwa kula kadi nyingine. Waitaliano waliziita trionfi. Wareno nao wana neno trunfo. Wareno hao walifika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, ngome yao ya Mombasa ikaanguka 1698, lakini neno lao likabaki midomoni mwetu: turufu.

Na kuna zaidi. Umewahi kujiuliza kwa nini kopa lina umbo la moyo lakini jina halifanani na moyo? Kwa Kireno, copas ni vikombe. Shupaza ni espadas, yaani mapanga. Uru ni ouros, dhahabu. Pau ni paus, magongo. Vikombe, mapanga, dhahabu na magongo: hayo ndiyo makundi manne ya taroti! Kwa hiyo yule jamaa anayepiga karata kijiweni huku akisubiri abiria wa bodaboda, anataja majina hayohayo kila siku na wala haoni mzimu wowote.

Kwenye mchezo huo, Kifo ilikuwa turufu namba 13. Mfalme wa kundi lolote akitupwa mezani, inamla. Hata turufu ya Papa, namba 5, haiiwezi. Hapo maana yake haikuhitaji mganga: kifo hakichagui cheo. Na kwenye pakiti nyingi za zamani za Marseille, kadi nyingine zimeandikwa majina ila hii ina namba tu. Jina halipo.

Sasa utabiri umetoka wapi? Mwaka 1781 msomi mmoja wa Ufaransa, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba kadi hizi ni kitabu cha siri cha Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Na maandishi ya Misri ya kale yenyewe hakuna aliyeweza kuyasoma hadi Champollion alipoanza kuyafumbua mwaka 1822! Lakini hadithi tamu haisubiri ushahidi. Muda si mrefu kukawa na vitabu vya kufundisha kutabiri, na wateja wakaja.

Picha unayoiona kwenye video ilichorwa na mwanamke, Pamela Colman Smith, kwa maelekezo ya A. E. Waite, ikatoka London mwaka 1909. Itazame taratibu. Mfalme kaanguka chini, taji limemtoka. Askofu kasimama anasihi. Msichana kapiga magoti, kageuza uso. Mtoto mdogo anaitazama mifupa bila woga. Kwa mbali, jua katikati ya minara miwili. Ndiyo maana wasomaji wengi wa leo wanasema kadi hii ni mwisho wa hatua fulani na mwanzo wa nyingine: kazi, uhusiano, tabia. Sasa tazama tena, tafuta jina la mtu. Hakuna. Hakuna jirani, hakuna mama mkwe, hakuna bibi wa nyumba ya tatu.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua nini kinatokea anayesoma alama akianza kutaja majina. Tunaiita ramli chonganishi. Mtoto kaugua, familia inakwenda kwa mpiga ramli, anatazama vitu vyake, kisha anasema "ni yule bibi mwenye macho mekundu." Macho ambayo yamekuwa mekundu kwa miaka ya kupulizia moto wa kuni. Vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani hizohizo, hadi Januari 2015 serikali ikatangaza marufuku kwa waganga wapiga ramli. Sheria ya Uchawi yenyewe ipo tangu 1928, na bado tulizika watu.

Kwa hiyo, somo la kadi moja ni hili: picha ni ya mchoraji, maana ni ya msomaji, na hofu ni ya kwako. Ukitaka kuifurahia kama mchezo, furahia, ndivyo ilivyozaliwa. Ila siku mtu akigeuza kadi, au kibuyu, au maji kwenye beseni, halafu akakutajia jina la jirani, jua kwamba jina hilo kalitoa kichwani mwake. Nyanyuka, ondoka. Na ukipita kwa yule bibi, msalimie: shikamoo bibi.