Jumatatu ya Tarehe 12 Mfunguo Sita

Katika vitabu vingi vya sira, matukio matatu makubwa yamewekwa katika siku moja: Jumatatu, tarehe 12 Rabiul Awwal, yaani Mfunguo Sita. Siku hiyo, kwa mujibu wa Ibn Is'haq, Mtume Muhammad (s.a.w.) alizaliwa, Mwaka wa Ndovu, siku hiyo aliwasili Quba akihama kutoka Makka, na siku hiyo, mwaka wa 11 Hijria, alifariki dunia mjini Madina.

Ama Jumatatu ya kuzaliwa haina mgogoro, kwani imethibiti katika Sahih Muslim. Mgogoro umo katika tarehe. Zipo kauli za tarehe 2, 8, 10 na nyinginezo, wala si ajabu. Makka ya wakati ule haikuwa na daftari la vizazi. Na kuhusu Quba, wapiga hesabu za falaki wa leo huelekea tarehe 8, iliyokuwa Jumatatu ya 20 Septemba 622.

Mtihani mkubwa uko katika tarehe ya kufariki, ingawa ilishuhudiwa na mji mzima. Imamu as-Suhaily (aliyefariki mwaka 581 Hijria) alitoa hoja ambayo msomaji anaweza kuihesabu kwa vidole. Siku ya Arafa ya Hija ya Kuaga, tarehe 9 Dhul Hijja mwaka wa 10, ilikuwa Ijumaa, hayo yamepokewa kutoka kwa Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Basi Dhul Hijja ilianza Alhamisi. Sasa ifanye Dhul Hijja, Muharram na Safar yote kuwa ya siku 30, au yote 29, au ichanganye utakavyo: tarehe 12 itaangukia kati ya Alhamisi na Jumapili. Jumatatu haipatikani.

Ibn Kathir alijibu kuwa huenda watu wa Madina waliuona mwezi usiku mmoja baada ya watu wa Makka. Wakianza Ijumaa, na miezi mitatu ikatimia 30, tarehe 12 inakuwa Jumatatu. Wasomaji wetu, waliozoea mjadala wa mwezi mwandamo kila Ramadhani, wataitambua hoja hii: ni ile ile ya kutofautiana matlai.

Ibn Hajar hakuridhika. Kwake tarehe sahihi ni 2, na mnakili mmoja aliigeuza "thani shahr" (ya pili ya mwezi) kuwa "thani ashar" (ya kumi na mbili), wengine wakamfuata. Ni maelezo ya kuvutia, lakini nayo yanahitaji miezi mitatu mfululizo ya siku 29, jambo lisilo la kawaida. Sisi tunaelemea kwa Ibn Kathir.