Mfongo Mmoja, Koo Nyingi

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi kijana wa Shirimatunda nasema panaharibika, tena chapuchapu, kama hakuna utaratibu wa nani aingie na nani aguse.

Wachagga walilijua hilo zamani. Mifongo yao, ile mifereji inayoteremsha maji toka mlimani, ilikuwapo kabla Rebmann hajafika Kilimanjaro mwaka 1848. Ukoo uliochimba mfongo ulikuwa na kauli ya kwanza. Wengine nao walipata zamu, mradi washiriki kuuzibua. Aliyetegea kazi alitozwa faini au alikosa maji. Mfongo mmoja, vikundi vingi, kila kimoja na haki yake.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Mfumo wa Unix ulianzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969. Toleo la kwanza, la 1971, lilijua watu wa aina mbili tu: mwenye faili na wengine wote. Kufikia toleo la sita, mwaka 1975, kulikuwa na fungu la tatu, yaani kikundi. Kila fungu lina ruhusa zake: kusoma, kuandika na kuendesha programu. Kwa saraka, hiyo ya mwisho ndiyo ruhusa ya kupita mlangoni.

Safi, ila saraka ilikubali kikundi kimoja tu. Hapo ndipo palipo kasheshe. Chukua saraka ya miswada ya gazeti kama hili letu. Waandishi wanataka kuandika humo, wasahihishaji wasome tu bila kugusa. Ukiikabidhi kwa waandishi, wasahihishaji wanabaki nje na wapita njia. Ukiwafungulia wote, mtu baki anaisoma riwaya yako kabla haijachapwa, au anaifuta kabisa. Miezi sita ya kukesha, kwisha! Hilo ni jasho la mtu, ndugu msomaji.

Mwaka 1983 mafundi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa 4.2BSD, ambamo mtumiaji mmoja aliweza kuwa katika vikundi vingi kwa wakati mmoja. Ikawa nafuu, lakini saraka yenyewe ilibaki na kikundi kimoja. Ukiwakusanya wote katika kikundi kipya, wote wanapata haki ileile, msahihishaji sawa na mwandishi.

Dawa ilikuwa orodha ya ruhusa: saraka ibebe majina ya vikundi kadhaa, kila kimoja na haki zake. Rasimu ya kanuni hiyo, POSIX 1003.1e, iliondolewa mwaka 1998 kabla haijakamilika. Wazo halikufa. Linux ililibeba, likawamo katika kiini cha 2.6 kilichotoka Desemba 2003. Leo fundi anaandika:

setfacl -m g:waandishi:rwx,g:wasahihishaji:rx miswada

Kisha anairudia amri hiyo kwa alama ya -d, ili faili mpya zirithi ruhusa hizo. Wengine anawafungia kwa chmod o-rwx.

Lakini bado wako wanaokimbilia chmod 777, eti kazi iende. Huko ni kubomoa kingo za mfongo ili kila mtu apate maji. Maji yatamwagika, na shamba la kwanza kukauka litakuwa la yule aliyechimba.