Ukingo wa Plaiwudi na Msitu wa Mau

Mwaka 1900, reli itokayo Mombasa ilipofika Nakuru, msitu wa Mau ulikuwa ungali umesheheni mitarakwa na mipodo, miti ambayo seremala aliijua nasaba yake kwa pua na kwa mkono kabla ya kuipima kwa futi: mtarakwa ulinukia, wala haukuoza upesi, ndiyo maana Waogiek, wenyeji wa msitu huo, tangu zamani waliuchongea mizinga yao ya nyuki, na mpodo, mweupe na wenye nyuzi zilizonyoka, ulipita chini ya randa pasipo ukaidi.

Lakini reli iliyoleta soko ndiyo iliyoleta na shoka. Vichwa vya garimoshi vilikula kuni, mashamba ya walowezi yalitaka mbao, na viwanda vya kupasulia magogo vikaenea Elburgon, Molo na Njoro, hata serikali ya kikoloni ikaanzisha mwaka 1910 utaratibu ulioitwa wa shamba, ambao kwao mkulima aliruhusiwa kulima chakula chake penye miti iliyokwisha kukatwa, kwa sharti la kuitunza miche ya serikali, aghalabu misaipresi na misonobari, mpaka kivuli chake kimfukuze.

Miti hiyo ya kupandwa, laini na yenye mafundo, ndiyo iliyoipa plaiwudi ya kwetu malighafi yake. Katika kiwanda kama cha Timsales huko Elburgon, gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu likachunwa kama ganda la chungwa, na tabaka zipatikanazo hupakwa gundi na kulazwa kwa hesabu ya witiri, tatu, tano au saba, nyuzi za hii zikikingamana na nyuzi za ile, kisha zikashindiliwa kwa joto. Kwa hikima hiyo kila tabaka huizuia jirani yake isipinde wala isipasuke.

Hapo, hata hivyo, ndipo nasaba iliposetirika, kwani uso mzuri waweza kufunika batini mbovu. Kwa hiyo fundi mzoefu, aingiapo duka la mbao mjini Nakuru, haanzi na uso: huinamia ukingo akahesabu tabaka na kutafuta mwanya mweusi, hulitazama bamba kwa jicho moja aone kama limepinda, kisha huligonga kwa kifundo cha kidole toka pembe hadi pembe, na sauti ikigeuka kuwa ya debe tupu, hujua kwamba gundi haikushika, akalirudisha. Tena huuliza ni gundi gani iliyotumika, maana ile iliyotosha kabati la chumbani haistahimili majimaji ya jikoni.

Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya serikali, ya 1999 na kisha ya Februari 2018, yametufunza kwamba Mau si ghala lisilo na sakafu. Mto Njoro hushuka kutoka huko hata Ziwa Nakuru, na msaipresi hutaka miaka ipatayo 30 kabla ya kukatwa. Basi bamba lililobambuka baada ya masika moja ni mti mzima uliokufa bure, na ile dakika moja ya kuinamia ukingo ni heshima tunayodaiwa na msitu wetu.