Kwa nini kete za bao hazina rangi mbili?

Hebu fikiria sataranji: farasi mweupe hawezi kuhamia jeshi la weusi. Seti ya Staunton, iliyoanza kuuzwa London mwaka 1849, ilipendwa kwa sababu kila kete unaitambua mara moja. Bao la Kiswahili lina hesabu nyingine. Komwe zake 64, mbegu ngumu za kijivu, zinafanana zote kwa sababu hazina mwenyewe: ukila za mwenzako, unazisambaza upande wako, zinakupigania wewe. Kinachomilikiwa ni shimo. Ndiyo maana, kwa desturi, kati ya mashimo 32 nyumba mbili tu, moja kila upande, huchongwa mraba. Ukinunua bao la mapambo lenye mashimo yote ya duara, litachezeka, sawa, ila kanuni iliyokuwa imechongwa kwenye mti sasa utaibeba kichwani.