Maladi ya sukari: seli za shavu zinaweza kutuambia nini?

Mama mmoja msikilizaji wetu alituuliza: "Mtoto wangu anachomwa kidole kila siku. Nasikia kuna fasi wanapima sukari kwa kupangusa tu ndani ya shavu. Ni kweli?" Tunajibu hapa, juu dakika za kipindi hazikutosha.

Ni kweli nusu. Wachunguzi, zaidi ya wote huko India na Brazil, wamekwanguakwangua ndani ya shavu la wagonjwa kwa kijiti ao brosi ndogo. Haiumi. Seli zinapakwa kwenye kioo, zinatiwa rangi, kisha zinaangaliwa kwa mikroskopi. Wanatafuta mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa kiini cha seli: kwa wagonjwa wa sukari kiini kinaonekana mara nyingi kikubwa kuliko kwa mtu mzima wa afya. La pili ni rangi moja wanaita PAS, yenye kugeuza glikojeni (sukari ile mwili unaweka akiba) kuwa nyekundu ya zambarau. Kwa watu wenye sukari isiyotulia, seli zenye rangi hiyo zilionekana kuwa nyingi zaidi.

Lakini uchunguzi huo ulifanywa kwa vikundi vidogo vya watu. Tena kiini cha seli kinaweza kukua kwa sababu zingine: tumbaku, pombe, kukosa chuma katika damu, uzee, ao kinywa chenye kidonda. Hapa kwetu watu wenye kukosa damu ni wengi. Munganga akiona kiini kikubwa, atajuaje ni sukari njo ilikifanya hivyo?

Kwa nini basi wanahangaika na shavu? Juu kipimo kikubwa cha kufuatilia sukari, hemoglobini glike, kina mpaka wake. Sukari inashikamana na hemoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hiyo inaishi karibu siku 120. Kwa hiyo kipimo kinaonyesha wastani wa miezi miwili mpaka mitatu. Kwa watu wazima wengi, waganga wanalenga chini ya asilimia 7. Sasa, mgonjwa wa anemi ya SS, chembe zake zinakufa haraka sana, siku 10 mpaka 20 tu. Sukari haipati muda wa kushikamana, na karatasi ya labo inaweza kuonyesha namba nzuri wakati sukari iko juu. Hata mtu aliyetiwa damu karibuni anaweza kupata namba ya uongo. Kama ni wewe, umwambie munganga mbele ya kupimwa. Hilo naliona kubwa kuliko habari yote ya shavu.

Shavu pia haliwezi kusema sukari iko ngapi sasa hivi. Seli zake zinabadilika kwa muda wa wiki, si kwa saa. Mtoto anayechomwa insulini anaweza kushuka chini ya 70 mg/dl kabla ya kwenda masomo: anatetemeka, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Hapo ni tone la damu kwenye glikometre ndilo litakuambia, na umpe haraka maji ya sukari kama bado anaweza kumeza. Hakuna kipimo cha seli za shavu kinachoweza kukupangia kiasi cha insulini. Mtu akikuuzia "kipimo cha mate" sokoni ili uache kidole, usitoe feza yako.

Na kwa kujua kama mtu anaugua ao hapana, labo inatumia damu: kama hujakula kwa saa 8, 126 mg/dl ao zaidi, na kwa mtu asiye na dalili wanarudilia siku nyingine.

Kwa yule mama: choma pembeni ya ncha ya kidole, si katikati, panauma kidogo. Badilisha vidole. Mtoto anawe mikono kwa sabuni na akaushe vizuri kwanza. Aliyetoka kula embe anaweza kuonyesha sukari ya juu ambayo iko kwenye ngozi tu. Na bandeleti zikae ndani ya kopo lake, lifungwe kila mara, juu unyevu unaziharibu.