Nani Aliandika Mvua, na kwa Nini

Mwaka 1693 Li Xu alikabidhiwa usimamizi wa viwanda vya hariri vya kifalme mjini Suzhou. Hariri ndiyo iliyokuwa kazi yake mbele ya watu. Kazi ya pili haikutangazwa: alitakiwa kumwandikia Mfalme Kangxi moja kwa moja, bila kupitia kwa gavana wala wizara, amweleze mvua imenyeshaje, mpunga umefikia wapi na mchele unauzwa bei gani sokoni. Mfalme hakukosa habari, maana magavana walikuwa wakimletea. Lakini gavana ana jimbo la kutetea. Anayeogopa lawama huchelewa kusema kwamba mashamba yamekauka, na anayetaka jimbo lake lisamehewe kodi huikuza shida. Kangxi akataka jicho la pili. Leo, zaidi ya miaka 300 baadaye, wataalamu wanaojaribu kujua mvua na baridi za zamani wanakula matunda ya wasiwasi ule wa mfalme.

Kumbukumbu za China za hali ya hewa husifiwa kwa urefu wake, na urefu huo ni wa kweli. Kule Anyang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, waaguzi wa wafalme wa Shang walichonga kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kasa swali lilelile analouliza mkulima wa leo: mvua itanyesha? Baadaye zikaja historia rasmi za kila utawala, kisha vitabu vya wilaya vinavyoitwa fangzhi, ambavyo zaidi ya 8,000 vimesalia. Hata hivyo, kwa maoni yangu, urefu si sifa kuu. Misri inao, Japani inao. Kinachoipa China nafasi yake ni kwamba mvua moja, au baridi moja, iliandikwa na watu wengi wasiofanana haja: mpelelezi wa mfalme, mkuu wa wilaya, mshairi, mfanyabiashara, padri mgeni. Ushahidi wa mmoja unaweza kuwekwa mbele ya mwingine.

Aliyeonyesha dunia kwamba maandishi hayo yanaweza kutumika kisayansi ni Zhu Kezhen. Alizaliwa mwaka 1890, akasoma Illinois na Harvard, akaongoza Chuo Kikuu cha Zhejiang kuanzia 1936 hadi 1949. Mwaka 1972, akiwa mzee wa miaka 82, alichapisha makala juu ya mabadiliko ya hali ya hewa ya China kwa miaka 5,000. Hakuwa na vipimo vya nyuzi joto vya karne hizo, kwa hiyo mimea, maziwa na mifereji vikawa vipimo vyake. Ziwa Tai lilipoganda mwaka 1111, barafu ilikuwa nene kiasi cha kupitisha magari ya kukokotwa, na michungwa ya kandokando ikafa. Baridi ya 1654 na ile ya 1676 ziliua mashamba ya michenza ya Jiangxi. Tan Qian, mwanahistoria aliyesafiri kwenda Beijing katika miaka ya 1650, aliandika katika shajara yake lini mfereji uliganda na lini mashua zilipita tena. Zhu alizipanga habari kama hizo, akazilinganisha na majira ya siku zake, akapata mstari wa joto unaopanda na kushuka. Kisha akauweka kando ya mstari uliotokana na barafu ya Greenland.

Kazi hiyo ilifungua njia, na kwa sababu hiyo ilistahili kuhojiwa. Mwaka 1996 mtafiti aitwaye Mou alitoa kitabu kizima cha kurudia ushahidi wa Zhu kipande kwa kipande, akaonyesha kwamba baadhi yake haubebi uzito uliowekewa. Mshairi akitaja ua la mplamu katika mji wa kaskazini, je, aliliona? Au alilitaja kwa sababu shairi la aina hiyo linadai ua hilo? Na mti uliopandwa katika bustani ya kasri, ukakingwa upepo na kupaliliwa na watumishi, hausemi sana juu ya baridi ya nchi nzima. Nadhani Mou alimfanyia Zhu heshima kubwa kuliko waliomnukuu bila kumkagua.

Ugumu wa fangzhi ni wa namna nyingine. Mkuu wa wilaya wa China aliishi katika imani kwamba Mbingu ndiyo inayompa mfalme haki ya kutawala, na kwamba mafuriko, ukame na nzige ni dalili za kutoridhika kwa Mbingu. Kwa hiyo kitabu cha wilaya kina sehemu ya maafa, lakini hakina sehemu ya miaka ya kawaida. Mvua ikija kwa wakati wake ni nadra mtu kushika kalamu. Wataalamu waliotoa mwaka 1981 atlasi kubwa ya mvua na ukame kuanzia 1470 hadi 1979, kwa vituo 120, walilazimika kuuhesabu ukimya kuwa ushahidi: mwaka usio na neno ni mwaka wa kawaida. Kila mwaka walipangia daraja moja kati ya tano, la kwanza likiwa la maji mengi mno na la tano la ukame mkali. Njia hiyo inafaa sana kwa kulinganisha mwaka na mwaka. Kwa kuuliza kama nchi ilikuwa inakauka polepole kwa karne nzima, haifai, kwa sababu madaraja yenyewe yamepangwa ili kila kituo kipate sehemu yake ya miaka mibaya na mizuri.

Jambo jingine: kadiri uchapaji wa vitabu ulivyoenea na watu walivyoongezeka, ndivyo maafa yaliyoandikwa yalivyozidi. Anayehesabu tu ataona dhoruba zinaongezeka hata kama hazikuongezeka. Kam-biu Liu na wenzake waliokusanya habari za tufani zilizopiga jimbo la Guangdong kati ya 975 na 1909 walipata 571. Karne za mwanzo zina chache, na si lazima bahari ilikuwa tulivu. Miaka waliyoweza kuitaja kwa uhakika kuwa ya tufani nyingi ni ya 1660 hadi 1680, na ya 1850 hadi 1880, ambapo waandishi walikuwa wengi kabla na baada.

Ukitoka China ukaenda Japani, hewa ya maandishi inabadilika. Huko Nagano, makuhani wa hekalu moja kando ya Ziwa Suwa wameandika tangu 1443 siku ambayo ziwa linaganda na barafu yake kupasuka ikainuka kama tuta. Waumini husema hiyo ndiyo njia ya mungu anayevuka ziwa kumtembelea mkewe. Mjini Kyoto, shajara za watu wa kasri na za watawa zimemwezesha Yasuyuki Aono kurudisha tarehe za kuchanua kwa micheri hadi mwaka 812, na mwaka 2021 maua yalijaa tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika orodha hiyo. Aliyeandika hakuwa akiomba msamaha wa kodi, wala hakuogopa kufukuzwa kazi. Sherehe ilihitaji tarehe, naye akaiandika, mwaka mzuri na mwaka mbaya. Hapo Japani inaishinda fangzhi waziwazi: haina ukimya wa kufasiri. Lakini ua linasimulia majira ya machipuko tu na barafu inasimulia majira ya baridi tu, mahali pamoja, na kwa hayo mawili huwezi kujua kiangazi kilikuwaje.

Misri ni karani wa kodi. Kipimo cha maji cha kisiwa cha Roda, Kairo, kilijengwa mwaka 861, na hesabu za kina cha Nile zilizohifadhiwa na waandishi wa Kiarabu zinaanzia 622. Maji yakifika dhiraa 16 serikali ilijua kodi itapatikana, na mji ulipumua. Hapa tuna namba tupu, si malalamiko. Namba hizo zinatuhusu sisi moja kwa moja: mafuriko ya Nile huletwa hasa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, lakini kina cha chini kabisa, kabla ya mafuriko, hutegemea sana maji ya Nile Nyeupe yanayotoka kwenye maziwa yetu makuu. Karani wa Kairo alikuwa akipima mvua ya Bukoba na Jinja bila kujua. Udhaifu wake ni upweke. Tope lilipanda mtoni, dhiraa ikabadilika, karne nyingine zikakatika, na hakuna shahidi wa pili wa kumuuliza.

Ndiyo maana narudi China, kwenye aina moja ya kumbukumbu ambayo naiweka juu ya zote. Wachina huiita yu xue fen cun. Chini ya utawala wa Qing, mvua ikishanyesha, ofisa wa wilaya alitakiwa kwenda shambani na kuchimba mpaka afike udongo mkavu, kisha kupima unyevu umezama kiasi gani. Cun moja ilikuwa kama sentimita 3.2, nayo iligawanywa katika fen kumi. Theluji ilipimwa unene wake juu ya ardhi. Taarifa zilipanda kwa gavana na kutoka kwake kwa mfalme, na kuanzia 1736 zipo kwa wingi hadi mwaka 1911, utawala ulipokaribia kuanguka. Ge Quansheng, Zheng Jingyun na wenzao wa Chuo cha Sayansi cha China hawakuridhika kuzisoma mezani. Walikwenda mashambani, wakamwaga maji kwa kipimo, wakachimba kama maofisa wale, ili wajue milimita ngapi za mvua huzama sentimita ngapi katika udongo gani, ukiwa mkavu au umeshalowa. Kwa njia hiyo wakaunda upya mvua ya bonde la Mto Manjano, katikati na chini, tangu 1736. Ofisa angeweza kudanganya, ndiyo. Lakini wilaya jirani ilichimba pia, na Beijing ilikuwa na daftari la siku za jua na mvua kuanzia 1724 hadi 1903.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni kiangazi cha 1743. Vitabu vya wilaya za kaskazini mwa China vinasimulia joto la kutisha na watu waliokufa njiani. Msomaji mwenye shaka angesema wameongeza chumvi. Lakini padri Mjesuiti wa Kifaransa, Antoine Gaubil, alikuwa Beijing na habari za vipimo alizituma Ulaya kwa barua. Zhang De'er, pamoja na mtaalamu wa Ubelgiji, alizigeuza kuwa nyuzi za leo: tarehe 25 Julai joto lilifika nyuzi 44.4 za Selsiasi. Barua inataja watu 11,400 waliokufa mjini na vitongojini katika siku zisizofika hata wiki mbili. Mkuu wa wilaya na padri hawakujuana, na hawakuwa na faida ya pamoja. Ushahidi wao ukakutana.

Zhang De'er huyohuyo, aliyesimamia mkusanyo wa kumbukumbu za miaka 3,000 uliotoka mwaka 2004, alionyesha pia kwamba maandishi yanaweza kulisahihisha tope. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza tope la ziwa moja la kusini mwa China walihusisha kuanguka kwa utawala wa Tang, mwaka 907, na kudhoofika kwa mvua za kiangazi. Zhang na mwenzake walijibu mwaka huohuo kwamba kumbukumbu za maandishi za miaka ile haziungi mkono dai hilo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo mazoea ya kudhani kwamba penye masimulizi ya mdomo hapana ushahidi. Dirk Verschuren na wenzake walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa tope la Ziwa Naivasha unaorudi miaka 1,100, wakapata vipindi vitatu vya ukame ndani ya nyakati za mvua nyingi: karibu 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Walipoviweka kando ya masimulizi ya wenyeji juu ya njaa na kuhama, vilipatana. Lakini onyo la fangzhi linahusu huku pia. Wagogo wanaikumbuka Mtunya, njaa ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Mvua zilikosekana, lakini majeshi yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana. Anayelisoma jina hilo kama kipimo cha mvua peke yake atakuwa amekosea kama anayesoma kila njaa ya China ya utawala wa Ming kama ukame.

Zhu Kezhen aliandika hali ya hewa ya kila siku katika shajara yake mpaka tarehe 6 Februari 1974. Hakuweza tena kutoka nje kusoma kipimo. Akaandika nyuzi za juu na za chini za siku ile, na kando yake akaongeza kwamba zimetoka kwa idara ya hali ya hewa, si kwake. Alifariki kesho yake. Wanaokusanya leo majina ya njaa na mvua kutoka kwa wazee wa Dodoma, Machakos au Kigezi wafanye vivyo hivyo: kando ya kila habari waandike nani aliisema, aliipata kwa nani, na alikuwa na haja gani nayo.